Mapigo ya Mzee Telesfori

Asubuhi ya mtihani wa vitendo, mwaka wa vita vya Kagera, sakafu ya wodi ya wanaume ilipigwa deki mara mbili, na mashuka yakakunjwa pembe kama ipasavyo. Wagonjwa wenye nafuu walikuwa wamekwisha kurudishwa makwao ili kuwapisha majeruhi. Kwa mtihani alibaki Mzee Telesfori peke yake, naye alikuwa amefariki alfajiri. Kwa kuwa alikuwa ameahidi kupimwa na wanafunzi wa uuguzi, alitoka katika chumba cha maiti, akanawa miguu bombani, akajilaza kitandani.

"Shikamoo, mzee," alisema Ndugu Privatus, mtahini.

"Marahaba. Wapite upesi, wachimba kaburi wananingoja."

Marsiana, aliyekuwa na zamu usiku uliopita, alitangulia. Aliitazama saa yake, akaviweka vidole juu ya mkono wa mzee pasipo kuugusa.

"Mapigo sabini na mawili kwa dakika."

"Hata usiku ulisema hivyo," alisema mzee, "nawe ulikuwa mlangoni."

Ndugu Privatus alimwomba mgonjwa asizungumze wakati wa mtihani. Wanafunzi waliofuata walipata sabini na mawili.

Wa mwisho alikuwa Deodata wa Kaniha. Wanakijiji wenzake walikuwa wamejenga zahanati kwa nguvu zao, wakamchagua yeye akasomee kazi hiyo. Akianguka mtihani, wangeletewa mtu mwingine. Alimwamkia mzee, akamshika mkono. Ulikuwa baridi.

"Usibane sana, binti yangu. Sitoroki."

Deodata alihamishia vidole shingoni. Nje lilipita lori la jeshi, na sindano zikatetemeka katika sinia.

"Hakuna mapigo, Ndugu mtahini."

"Pima tena."

Alipima tena.

"Hayapo. Mzee huyu amekufa."

"Najua amekufa. Nilithibitisha kifo chake mwenyewe. Lakini mwongozo unataka idadi."

"Basi ni sifuri."

"Sifuri haimo katika mwongozo."

Mzee Telesfori aliushikilia mkono wa Deodata kidogo.

"Laiti zamu ya usiku ingalikuwa yako," alisema. Kisha alifunga vifungo vya shati, akaenda kuzikwa.

Deodata alianguka. Marsiana alipelekwa Kaniha.

Siku zahanati ilipofunguliwa, Mzee Telesfori alikuwa wa kwanza kwenye benchi, udongo mwekundu ukiwa bado magotini. Watu walisogea wakampa nafasi. Deodata alikaa karibu naye, amempakata mtoto wa dada yake, aliyekuwa akihema kwa homa.

Marsiana hakuinua kichwa.

"Sabini na mawili," alisema. "Anayefuata."

Deodata aliinuka na mtoto.