Mwanvua Aliyeizungusha Bangwe

Mwalimu Selestini, mpima ardhi, aliwakalisha wanafunzi wake kwenye nyasi za Bangwe, wakitazama ziwa, kila mmoja na ramani yake na dira shingoni. Shirika la wakimbizi lilikuwa likitafuta wenyeji wa kuongoza malori ya kambini. Wanafunzi wengine walitaka kazi. Mwanvua alitaka kujua mstari mwekundu wa kwenye ramani unapita wapi, basi.

Tangazo lilikwisha kusomwa sokoni Mwanga: kila aliyetoka Burundi, awe amekuja jana au zamani za kale, akiishi nje ya mstari huo atapelekwa kambini. Mumewe, Bonaventura, alivuka mpaka mgongoni mwa mama yake, bado ananyonya. Sasa alikuwa seremala, na nusu ya Bangwe ililala kwenye vitanda vyake. Kwenye ramani nyumba yao ilikuwa nje ya mstari kwa upana wa punje ya mchele.

Mwanvua aliiweka ramani, upande wa ziwa ukielekea tumboni kwake. Kwa watu wa kule, chini ni ziwani na juu ni mlimani, na hilo halina mjadala.

"Juu ya ramani ni kaskazini, mama," alisema Selestini. "Zungusha mpaka ikubaliane na sindano."

Mwanvua akaikandamiza ramani kwa magoti, akazungusha dira. Ramani haikusogea. Nchi ndiyo iliyozunguka, taratibu, na mbuzi wakiendelea kula. Mlima ukaja kukaa lilipokuwa ziwa.

"Umezungusha nchi," Selestini alisema, akipangusa miwani. "Wanaoanza wote hukosea hapo. Rudisha."

Akairudisha, ila si yote. Aliiacha imezunguka kidogo tu, kiasi cha uwanja wa nyumba. Jirani yake Asia alikuja kulalamika kwamba mlango wake sasa unatazama choo cha watu, na hapo alikuwa na haki. Mwanvua alimwomba radhi, lakini hakugusa dira. Selestini akapima upya, akaikuta nyumba ya Bonaventura ndani ya mstari, akaichora hivyo. Kazi yake ilikuwa kuchora kilichopo.

Askari walikuja na lori mchana, watu wakila. Mwanvua aliwatandikia ramani juu ya benchi la randa, akaielekeza kaskazini kama alivyofundishwa, safari hii bila kosa. Mkubwa wao alikuwa mtu wa adabu. Aliinama, akaufuata mstari kwa kidole mpaka mwisho.

"Nyumba iko ndani, dada. Haina tatizo lolote," alisema. "Mumeo ndiye aliyezaliwa nje."

"Amelelewa hapa. Hata Kirundi chenyewe anakibabaisha."

"Huko atajifunza."

Bonaventura alinawa mikono, akavaa shati. Alimwambia mkewe kitanda cha Mzee Abdulmajid kimebaki kupigwa msasa tu, asikiache kikanyeshewa. Kisha akapanda lori pamoja na wengine. Mwanvua alisimama uwanjani na hasira ya mtu aliyefanya kila alichoambiwa akafanywa mjinga.

Akaketi chini, akaishika dira. Alizungusha mpaka vidole vikachubuka. Mji wa Kasulu ukapita mbele yake, vikapita vijiji na mashamba ya mihogo, watu wakishika milango yao na kungoja nchi itulie. Jua lilipoinama kambi ilikuwa imesimama nyuma ya jiko lake, mahema, vumbi na yote, na waya wa uzio ukagusa kamba ya kuanikia nguo. Bonaventura alikuwa upande wa pili, amekalia ndoo. Mwanvua aliweza kumsikia akikohoa.

Alipika ugali, akakaanga samaki wa ziwani, migebuka, akapeleka sahani kwenye waya. Mlinzi aliangalia sahani, akaangalia nyumba, akaona hakuna sheria iliyopindishwa.

"Chakula kipite," alisema. "Mtu hapana."

Mwanvua akapitisha sahani.