Mume wa Tate Apolline

Pikipiki ilikuwa inanguruma uani. Dereva hakutaka kuizima, maana njia ya Kabambare ni mbaya na jua lilikwisha kuvuka utosi. Kando ya gurudumu, juu ya mkeka, alikaa bibi kizee, Tate Apolline, kifurushi cha nguo mapajani. Walikuwa wanampeleka kwa mufumu, mganga wa kienyeji, akanywe dawa ya kupima walozi. Sidonie, mjukuu wake, aliwafahamu waliowahi kuinywa. Hakuna aliyerudi kwa miguu yake.

"Iko mulozi," baba mukubwa Salomon aliwaambia majirani. "Amejisema yeye mwenyewe. Nani hakusikia?"

Wote walikuwa wamesikia, na hapo ndipo balaa lilipokaa. Chadrack, mdogo wake Sidonie, alikuwa amerudi kutoka machimbo ya dhahabu ya Lusangi, amebaki mifupa na macho. Kule walichimba usiku na kulala mchana, mara nyingine wasilale kabisa. Tangu arudi, kila akilala kitu kinamkandamiza: anaona chumba, anaona bati la paa, lakini kidole hakiinuki wala sauti haitoki. Asubuhi ile alikimbilia nje akipiga kelele kwamba aliyemkalia kifuani ni Tate, nyanya yao, mzaa mama yao marehemu.

Naye Tate akamjibu kama alivyomjibu tangu akimbeba mgongoni. Kwao mjukuu wa kiume ni mume wa nyanya yake, mzaha wa kufa na kuzikana; Tate alimwita "mume wangu" tu.

"Nikikukalia, kosa iko wapi?" alisema huku akitwanga sombe, majani ya muhogo. "Mume anakaliwa na nani, kama si muke wake?"

Siku nyingine ua mzima ungecheka. Siku ile ulisikika mchi peke yake.

Sasa Sidonie alisimama kati ya pikipiki na njia. Mwaka wake wa kwanza wa masomo ya chuo alifundishwa saikolojia, na somo lile hakulisahau.

"Baba mukubwa, ile si bulozi. Ni usingizi. Mutu akiota, mwili unafungwa ili asipige teke ndoto yake. Mara moja moja akili inaamuka mbele ya mwili kufunguliwa. Macho yanaona chumba, na ndoto inaingia palepale chumbani. Inawapata sana wenye kukosa usingizi, na wenye kulala chali."

"Mutoto wa shule!" Salomon aliangua kicheko. "Usingizi iko na sura ya mutu?"

"Inaazima sura. Asubuhi Tate aliingia kumufunika Chadrack. Ndoto ikachukua uso wake."

Hilo la mwisho mwalimu hakulisema. Alilisema yeye, kwa kukisia tu.

"Alale tena, sasa hivi," akaendelea. "Tate abaki hapa nje, watu wamuangalie. Wewe mwenyewe ukae karibu na kitanda."

"Sawa. Akija nitamukamata na mikono yangu."

Chadrack ndiye aliyekataa. Alikuwa anatafuna makasu, zile mbegu chungu za kufukuza usingizi, mate yamekuwa mekundu. "Yaya," alimwambia dada yake, "nikilala nakufa."

"Tema. Ulale chali. Niko hapa."

Akayatema kiganjani mwa dada yake.

Sidonie alisimama mlangoni, jicho moja ndani, jicho moja kwa Tate. Nje dereva alizima pikipiki. Chadrack akiamka na kumtaja Tate tena, atakayekuwa amemfunga nyanya yake kwenye pikipiki ni yeye Sidonie, si Salomon. Usingizi ulimbeba kijana upesi, kama mtu aliyeanguka shimoni. Pumzi ikalegea. Halafu, baada ya muda mrefu, ikabadilika: fupi, kali. Macho yakafunguka. Midomo ikatetemeka bila neno.

Salomon aliruka kutoka kitini, fimbo juu, akamwinamia. "Iko wapi? Mulozi iko wapi?"

Sidonie aliugusa mguu wa mdogo wake. Chadrack akainuka kwa ukelele na kujibana ukutani.

"Nani?" Salomon alipaza sauti. "Sema, majirani wasikie!"

"Wewe." Kijana alikuwa analia. "Wewe, baba mukubwa. Magoti yako yalikuwa juu ya kifua yangu."

Fimbo ilishuka. "Mimi? Mimi nilikaa kwenye kiti! Sidonie, si uliniona?"

"Nilikuona. Haukumugusa. Sasa utuambie: ni usingizi, ao dereva atafute nafasi ya watu wawili?"

Majirani walijaa mlangoni wakimtazama Salomon kama walivyomtazama Tate asubuhi.

"Ni usingizi," akasema.

Pikipiki iliondoka bila abiria. Watu walibaki wakimtazama bibi kizee. Kila mmoja alikuwa na mzaha uleule kwenye ncha ya ulimi, kwamba leo Tate amepata muke mwenza mwenye ndevu. Walingoja auseme. Ulikuwa wake.

Tate alifungua kifurushi, akazirudisha nguo zake chumbani, moja moja. Chadrack alimfuata, akapiga goti kizingitini.

"Muke wangu," alisema kwa sauti ndogo.

"Chadrack," akajibu, "sogea, nipite."

Tangu azaliwe, hakuwahi kulisikia jina lake katika kinywa kile.