Simu Moja, Wanawake Tisa

Scovia alipoambiwa kwamba washauri wa programu za kompyuta wanakuja kutoka Nairobi, alijibu vizuri tu, akasema karibu nao, kisha akaenda kujifungia chooni dakika kumi. Mtu aliyeilea kazi yake miaka sita akisikia mgeni anakuja kuikagua, choo ndicho mahali pa kwanza pa kufikiri.

Kazi yenyewe ilikuwa ya barafu. Kampuni yao ya Homa Bay ilitengeneza barafu na kuipeleka kwa wauza samaki wa fuo za ziwa, kuanzia Sori kule Nyatike hadi kisiwa cha Mfangano. Mwanamke akishaona samaki wa asubuhi alituma meseji: jina lake, ufuo wake, masanduku ya barafu anayotaka. Programu ilipokea, ikapanga, na saa tatu kamili lori likaondoka. Programu hiyo aliiandika Scovia, binti wa kutoka Uriri kule Migori, peke yake, kabla Levis hajaajiriwa kumsaidia. Ilikuwa na viraka kama suruali ya shamba, lakini ilifanya kazi.

Isipokuwa siku mtandao ulipoyumba. Hapo meseji moja ilifika mara mbili au tatu, Sori wakapelekewa barafu maradufu ya waliyoomba, na nusu ikayeyukia mchangani. Meneja Cephas alichoka. Ndipo akawaita washauri kwa wiki sita.

Kwa niaba yao akaja Beverlyne, na laptop yenye vibandiko, na tabia ya kuuliza. Scovia alimwona mtu wa Nairobi hadi kwenye kucha. Ilibidi Levis amwambie kwamba wazazi wa huyo dada ni Wakisii wa Migori mjini, wanauza ndizi sokoni, Wasabato wasiofungua kibanda Jumamosi hata kwa dawa. Scovia akasema ndizi si programu.

Kusema haki, Beverlyne hakuwa na maringo. Alivuta kiti karibu, wakafanya kazi kwa kompyuta moja, mmoja akiandika na mwenzake akitazama. Alileta pia sheria moja: hakuna badiliko litakaloingia kwenye mfumo mpaka mtu wa pili alisome na kulikubali. Scovia aliitikia kwa kichwa mbele ya wote. Mgeni njoo, mwenyeji apone, Cephas akasema akicheka. Scovia naye akacheka, ingawa hakuwa amejua kwamba anaumwa.

Maana uvumi ulikuwapo. Vijana wa kupakia barafu walisema waziwazi kwamba washauri wakimaliza, wenyeji watafungishwa virago. Cephas hakukanusha kwa kuwa hakuna aliyemwuliza, na Scovia hakumwuliza kwa kuwa aliogopa jibu.

Jumatatu ya wiki ya nne, Beverlyne alisimamisha kidole kwenye kioo cha kompyuta. Palikuwa na mistari kumi na minne isiyo na maelezo hata neno moja. Iliruhusu namba moja tu ya simu itume oda za majina mengi kadiri ipendavyo, ilhali nyingine zote zilifungwa kwa jina moja moja.

"Scovia, hii kitu hapa ni ya nini? Mbona hii namba peke yake?"

Siri ya mtungi aijuaye kata. Namba ile ilikuwa ya Mama Zilpah wa Mfangano. Upande wao wa kisiwa mtandao haushiki chini ufuoni, kwa hiyo kila asubuhi Zilpah hupanda kilima na simu yake, oda za wenzake wanane akiwa nazo kichwani, akatuma meseji tisa moja baada ya nyingine. Scovia aliyajua hayo yote, maana miaka mitano iliyopita Zilpah mwenyewe alimpigia kumweleza, akimwita nyar Uriri, binti wa Uriri, kama mtu wa kwao. Mistari ile aliiandika siku hiyo hiyo.

Akilitoa hata hili, atabaki na nini ambacho wageni hawana?

"Sijui," akasema. "Ni kitu ya zamani. Nadhani nilikuwa najaribu tu."

Beverlyne akamtazama kidogo, akaiondoa. Tangu hapo mfumo mpya, uliokuwa uanze kutumika Alhamisi hiyo, ukawa na kanuni safi: namba moja, oda moja kwa siku, zinazozidi zitupwe.

Tusimhukumu haraka. Hakutaka mtu aumie. Mpango wake ulikuwa huu: siku ya kwanza ya mfumo mpya, meseji za Zilpah zikikataliwa, yeye ataona, atairudisha mistari yake kwa dakika mbili, lori litaondoka na barafu ya wote tisa, na Cephas atajua mwenye nyumba ni nani. Mwenye hila huwa na mpango mzuri sana mpaka siku yenyewe ifike.

Ilifika Alhamisi. Levis alikuwa Sori akiwaonyesha watu mfumo mpya. Beverlyne alikuwa njiani kutoka Migori, alikolala kwa wazazi wake. Saa tatu kasoro dakika tano, Mfangano ikatokea kwenye kioo: oda moja, Zilpah, masanduku mawili. Wale wanane hawakuwapo. Scovia alikuwa tayari. Akaandika mistari yake, akabonyeza, na mfumo ukamjibu kwa adabu kwamba unasubiri mtu wa pili asome.

Akampigia Beverlyne, hapatikani. Akampigia Levis, hapatikani. Akampigia Zilpah amwulize wenzake walitaka masanduku mangapi, maana zilizotupwa hazikuhifadhiwa popote, lakini Zilpah alikuwa amekwisha kushuka kilimani. Scovia alipofika uani akihema, lori lilikuwa limeshashika barabara ya Mbita, kwenye mashua za Mfangano.

Saa nane simu yake ikalia. Zilpah alikuwa amepanda kilima mara ya pili siku hiyo, ili kumpigia yeye tu. Scovia alitamani agombezwe, lakini mama wa watu hakupaza sauti. Alisema masanduku mawili yamefika, wakagawana watu tisa, barafu ikawa ya kuonja. Samaki wao, mbuta, wamelegea, mnunuzi amewakataa, na sasa wanawapasua kuwakausha kwa moshi. Kisha akasema lililompandisha kilimani.

"Nyar Uriri, tulikukosea wapi?"

Kwa Zilpah hapakuwa na mfumo wala programu. Palikuwa na Scovia. Scovia aliahidi kumpigia baadaye, naye alijua vizuri kwamba baadaye Zilpah hatapatikana.

Saa tisa Cephas akawaita ofisini mwake. Alikuwa na hasira ya mtu mpole, ambayo ndiyo mbaya zaidi, na alisema mkataba wa washauri unaweza kuvunjwa leo hii. Scovia alimsubiri Beverlyne ajitetee. Alijua atasema nini, na ingekuwa kweli tupu.

"Kosa ni yetu," Beverlyne akasema. "Tuliona kitu hatuielewi, tukaitoa. Hatukufaa kuitoa kabla tujue."

Hakumtaja Scovia wala kumtazama. Mlango ulikuwa wazi kabisa: Scovia angenyamaza tu, washauri wangeenda zao, na kompyuta ingerudi kuwa yake. Ndicho alichokuwa akikitaka wiki nne nzima. Aliona haya mpaka masikio yakawaka moto.

"Aliniuliza," akasema. "Jumatatu. Nikamwambia sijui, na nilikuwa najua."

Cephas akataka kujua sababu. Scovia akasema aliogopa kwamba akishatoa yote aliyonayo, hawatamhitaji tena. Alisema huku analia, na hakujali nani anamwona.

Beverlyne akafungua mkataba kwenye laptop yake, akaigeuza ili Scovia asome mwenyewe. Sentensi ya kwanza ilisema kazi ya washauri itakuwa imekwisha siku Scovia na Levis watakapoweza kuuendesha na kuubadilisha mfumo bila wao. Majina yao mawili yalikuwa pale, kamili. Cephas akakuna kichwa, akakiri kwamba nakala yake imekaa kwenye droo muda wote huo na hakufikiria kuwaonyesha. Alidhani wanajua. Ofisi nyingi zimeumia kwa kudhani huko.

Hakumfukuza. Alimwambia asubuhi apande mashua ya kwanza kutoka Mbita, akawaeleze wale wanawake kwa kinywa chake.

Kabla ya kufunga ofisi, Scovia na Beverlyne walikaa tena kiti kwa kiti. Scovia akairudisha mistari kumi na minne, na juu yake akaandika maelezo: kilima, mtandao, Zilpah na wenzake. Beverlyne akasoma, akauliza itakuwaje mtandao ukizirudiarudia meseji za Zilpah, wakaongeza kwamba namba na jina vikijirudia pamoja ndipo oda itupwe. Hapo akakubali.

Kesho yake wanawake wa Mfangano walimsikiliza wamesimama, visu mkononi. Mmoja wao, Emmaculate, alisonya na kwenda zake kabla Scovia hajamaliza. Wengine wakarudi kwenye samaki wao. Zilpah akatazama jua, akasema saa ya oda imefika, akamwongoza Scovia kilimani.

Njia ilikuwa ya mawe na Scovia alipumzika mara tatu. Juu, Zilpah akamkabidhi simu aandike yeye. Akamtajia oda zote tisa, na ya Emmaculate ikiwamo. Haukupita muda jibu la Beverlyne likaingia kutoka Homa Bay: tisa zimefika.

"Na siku wewe hauko huko," Zilpah akauliza, "nani atatujua?"

"Nimeandika, mama. Yeyote atakuja atasoma."

Zilpah akataka kusikia ameandika nini hasa. Scovia akamtajia yote kwa moyo, mpaka pale pasemapo Zilpah na wenzake wanane.

"Hao wenzangu wako na majina," Zilpah akasema. "Andika majina yao."

Scovia akaketi juu ya jiwe, akatoa daftari, akaanza na Emmaculate.