Nafasi Iliyobaki Kwenye Boksi la Mwalimu

Watu wengi hulipia hewa, na hilo haliniingii akilini. Mtu anaisukuma baiskeli yake nzima nzima hadi ofisi ya mizigo, wanaipima urefu na upana, wanamtajia bei, naye anatoka hapo kanuna kama kafiwa. Wenye akili hupitia kwangu kwanza, nyuma ya karakana ya mdogo wangu, fundi baiskeli. Yeye anatengeneza, mimi nafungasha.

Maboksi nayaokota bure kwenye maduka ya baiskeli mpya. Sponji za kukinga sinunui. Nachana mipira ya ndani ya tairi kuukuu na kuizungushia fremu. Natoa pedali, kiti, usukani, magurudumu yote mawili. Mteja akikubali natoa hata foko, ule uma wa chuma unaoshika gurudumu la mbele, na hapo boksi linashuka saizi nzima. Karani wa mizigo, ambaye hanipendi hata kidogo, hukumbusha wateja wangu kwamba rahisi huvunja upishi.

Halafu kila kipande nakipangusa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kabla sijakifunga. Mdogo wangu hunitania kwamba siku nikifa nitaamka kwanza nifagie kaburi. Zamani nilikuwa najivunia maneno hayo. Sasa natamani Mungu angeniumba mchafu kama watu wengine.

Mwalimu mmoja mstaafu, mzee mcheshi, alituletea baiskeli yake. Alikuwa anahamia mji wa mlimani anakoishi binti yangu. Yeye atangulie kwa basi, baiskeli ifuate. Niliona bahati imenijia mlangoni. Binti yangu husambaza mikate kwa baiskeli, na foko yake ilikuwa imepinda. Mwezi mzima alipanda na kushuka mlima kwa miguu, kreti kichwani. Mdogo wangu alishampatia foko nyingine, iliyotumika lakini nzuri, nyeusi, aina ileile ya baiskeli ya mwalimu. Kilichokosekana ni namna ya kuifikisha. Na boksi la mwalimu lilikuwa na nafasi.

Mwalimu sikumwambia. Nafasi imeshalipiwa, nikajisemea, nani ataumia? Nikampigia binti yangu aende akamsaidie mzee kuunga baiskeli, kazi aliyoijua tangu utotoni kwa mjomba wake, na akitoka atoke na foko.

Siku ya kufunga, mezani palikuwa na foko tatu zinazofanana kama mayai: ya mwalimu, ya binti yangu, na ya tatu ambayo mdogo wangu aliiacha hapo akaenda zake. Nikazipangusa zote zikang'aa. Mbili nikazitia boksini, moja nikaitundika msumarini.

Siku ya sita baada ya boksi kuondoka, asubuhi, alipita mnunuzi wa vyuma chakavu. Mdogo wangu akaitungua ile foko ampe, kisha akasimama nayo mlangoni akiigeuza kwenye mwanga. Akaigeuza tena. Akaniuliza ile yenye ufa iko wapi.

Nikamuuliza ufa gani.

"Ile niliyoipiga chaki, dada. Ina ufa chini ya shingo. Niliizungushia chaki nyeupe mtu asije akaigusa."

Kitambaa kilikuwa mkononi mwangu. Mdogo wangu si mtu wa kelele, na asubuhi ile ningependa apige. Alisema tu kwamba ufa wa namna ile hauonyi: mtu anaendesha vizuri, mara chuma kinaachia, na mtu anaangukia uso.

Mji ule wote ni miteremko. Nilimpigia binti yangu mara tatu, hapokei. Niliogopa, sijui nisemeje vingine. Mara ya nne akapokea, anahema, ndiyo kwanza amemaliza kugawa mikate. Nikamwambia ashuke, asikanyage pedali tena, aiangalie foko chini ya shingo na apitishe ukucha pande zote. Nikamsikia akiilaza baiskeli chini.

Akasema ni nzima. Laini kabisa.

Nilicheka huku machozi yananitoka. Nikamtangazia mdogo wangu kwamba ni nzima, nikanywa maji kikombe kizima. Naona aibu kusema ni muda gani ulipita kabla sijatambua kwamba nacheka peke yangu.

"Muulize ile nyingine," akasema.

Binti yangu alijibu bila wasiwasi wowote. Ile nyingine ilikuwa na mstari mwembamba kama unywele, akadhani ni mkwaruzo, akamfungia mwalimu.

"Si wewe uliniambia nichague iliyo nzuri zaidi, mama? Ukasema mzee anaendea sokoni tu."

Nilisema. Kwa mdomo wangu huu nilisema, tena nikiona nimekuwa mjanja.

Nikamuuliza mwalimu yuko wapi. Akasema walipishana alfajiri, mzee akipanda hadi kileleni kuutazama mji. Kwa saa hizi atakuwa anarudi.

Namba yake ilikuwa kwenye karatasi ya mzigo. Nikaikosea mara mbili. Mdogo wangu alikuwa ametoka nje kumwondoa mnunuzi wa vyuma.

Mwalimu alipokea upesi. Simu ilijaa upepo. Alipaza sauti kwamba ameibana kati ya sikio na bega, kwamba yuko kwenye mteremko mkubwa na baiskeli imekuwa mpya, kwamba tangu ainunue hajawahi kuiona imetakata namna hii, na Mungu anibariki.

"Mwalimu, simama," nikasema. "Funga breki, simama hapo hapo."

Mdogo wangu alinisikia kutoka nje. Akaingia mbio, mikono yote miwili mbele.

"Si breki, dada. Breki ya mbele ndiyo itakayoikata."

Nilifungua mdomo nimkataze, lakini nilichelewa. Upande wa pili mzee alikuwa anacheka.

"Sawa, mama," akasema, "kwa kuwa ni wewe unayesema."