Chumba cha Mbao za Mvule

Mwajabu aliingia mjini akiwa amebebwa mgongoni na mumewe, na haya ilimuuma kuliko miguu. Funza walikuwa wamemla nyayo. Miaka ile Wadachi walikuwa bado wageni Karagwe, na wadudu hao walikuwa wameenea kila penye vumbi. Huko Nyabiyonza kuna waliotambaa kuifikia migomba yao. Mwajabu alikwisha kupoteza vidole viwili. Mumewe Shaaban, mchuuzi wa chumvi na nguo, alikuwa akimtoa funza asubuhi, na jioni akikuta wengine. Udongo wa sakafu waliyolalia ndio uliozaa funza hao.

Shaaban alikuwa amesikia kwamba mjane mmoja, Bi Asia, ana chumba chenye sakafu ya mbao, hicho tu mji mzima. Wenye maduka walikuwa wamekiomba wapange, akawakatalia.

"Shikamoo, mama," Shaaban alisema mlangoni. "Tumekuja kuomba chumba, kwa kodi utakayosema."

"Marahaba. Atalala nani humo?"

Shaaban aligeuka ili mama aone miguu aliyoibeba. Bi Asia aliitazama kwa muda. Kisha alikwenda kuchukua ufunguo, na kodi akamwachia Shaaban aipange mwenyewe.

Mbao zilikuwa za mvule, nene, zimebanana hata ukucha usipite. Mwajabu aliposhushwa juu yake alihisi ubaridi mkavu, akalala siku ile mpaka magharibi. Kila asubuhi Shaaban alizisugua kwa maji ya majivu, kisha akampaka mkewe mafuta ya mbarika. Funza wapya hawakuonekana tena. Vidonda vilianza kuziba.

Lakini kuna jambo Mwajabu aliligundua akiwa amelala pale. Bi Asia alimletea ndizi za kupika na maharage kila siku, akampokeza sahani kutoka nje. Hakuvuka kizingiti hata mara moja. Mwenyewe alilala jikoni, juu ya udongo, na alikuwa akichechemea.

Siku alipoweza kusimama, Mwajabu alijikongoja hadi mlangoni, akakaa.

"Mama, mbona huingii chumbani mwako?"

Bi Asia aliendelea kumenya ndizi. "Tulikuwa na binti, Maua. Funza walimtoboa, kidonda kikaingia sumu, taya zikakaza. Tulipomzika, marehemu mume wangu Saleh alikwenda kuangusha mvule. Alipasua na kuranda peke yake, hakutaka msaada wa mtu. Alisema watoto watakaofuata hawatalala chini." Akatupa ganda kando. "Hawakufuata. Yeye naye akaenda. Mbao zile ni za Maua, mwanangu, naye hakuzikanyaga. Mimi nizikanyage vipi?"

Mwajabu alijisogeza karibu naye. Aliomba sindano, akaipitisha motoni, akauvuta mguu wa mama mapajani mwake. Kisigino kilikuwa kimetoboka kama sega la nyuki. Alitoa funza mmoja mmoja, na mama hakuurudisha mguu.

Masika ilipoanza, paa la jikoni lilivuja. Shaaban alikuwa safarini Kanoni na mizigo yake. Mwajabu alimwona Bi Asia amejikunyata kando ya mafiga, kanga imelowa mgongoni.

"Mama, chumba hiki nimekipanga, sivyo?"

"Umekipanga."

"Basi kwa sasa ni changu, na anayeingia humu ni mgeni wangu. Nakukaribisha. Utanikatalia mbele ya mvua hii?"

Bi Asia alikitazama kizingiti. Alinawa miguu kwa maji yaliyotiririka toka paani, mguu mmoja, kisha wa pili, taratibu kama anayejiandaa kuswali. Akaingia. Alisimama katikati ya chumba, akainama, akaweka kiganja juu ya ubao na kuupapasa.

"Aliuranda vizuri," alisema, sauti ikimkatika. "Sikuwahi kumwambia."

Alilia kwa muda mrefu, na Mwajabu hakujaribu kumnyamazisha. Alimtandikia mkeka upande wa ukutani, penye joto.

Shaaban aliporudi aliwakuta wote wawili mle ndani. Alikuwa amepata nyumba Kanoni na alikuja kumchukua mkewe. Mwajabu alimwomba wabaki mpaka visigino vya mama vipone. Shaaban aliitazama ile mikeka miwili, akavua viatu, akaenda kupanda paa la jikoni alizibe, apate pa kulala yeye mwenyewe.