Uso wa Mita Tatu

Picha yenyewe ilikuwa ndogo kama ukucha wa kidole gumba. Don Fermín, mwenyekiti wa kamati ya ulinzi ya mtaa, aliituma kwa simu, kisha akaja kwa miguu kwenye duka la kuchapa mabango kuhakikisha imefika.

"Nataka mita tatu kwa mbili," alisema. "Uso ujae bango zima. Chini andika: MWIZI, TUNAKUJUA. HATUTAITA POLISI."

Otilia Cuautle akaifungua kwenye kompyuta. Kamera ya duka la tortilla, zile chapati za mahindi, ilikuwa imemnasa mtu juu ya paa, amekumbatia mtungi wa gesi. Kofia ilionekana, bega lilionekana, na penye uso palikuwa na vimraba vichache vya kijivu. Mtungi ulikuwa wa Doña Crisanta, ajuza aliyetoka kupiga kelele akasukumwa ngazini. Sasa alikuwa amelazwa hospitali, nyonga imevunjika, na mtaa mzima ulikuwa unachemka.

Otilia akaivuta picha hadi ukubwa uliotakiwa. Ikawa ukuta wa matofali.

"Hapa hakuna uso, Don Fermín. Nikikuza hivi nitakuchapia sakafu ya bafu."

"Mbona kwenye televisheni wanabonyeza tu, uso unatokea?"

"Kwenye televisheni hata wafu wanafufuka. Kompyuta haitoi kitu ambacho kamera haikukiona."

"Basi kiweke wewe. Mwizi asiye na macho atamtisha nani? Sitaki picha ya pasipoti, mama. Nataka akipita pale ahisi anaangaliwa."

Mabango ya namna hiyo yalining'inia kila kona ya mji, na mengi aliyachapa Otilia. Watu waliyachukulia kama kile kibao cha "mbwa mkali" kwenye nyumba isiyo na mbwa. Hakubishana zaidi. Alikuwa na binti wa kumchukua shuleni na maharagwe jikoni.

Kwanza aliiachia programu iilainishe picha. Ilimletea uso kama mshumaa ulioyeyuka. Akatafuta macho. Faili ya jana yake ilikuwa bado wazi: bango la bendi itakayopiga kwenye ubatizo wa Jumapili, na katikati yake Nabor Tecuapetla, mpiga tarumbeta kutoka mji wa pili. Mpiga picha wa kulipwa alimpiga kwa karibu, kila unywele wa nyusi unaonekana. Otilia akayakata macho yake. Yakakaa kama stika, basi akachukua na pua, na mdomo wa juu. Akaupinda uso kidogo, akautia kivuli cha kofia, akaunyunyizia chenga za kijivu ili uonekane umetoka kwenye kamera. Kazi ikatoka nzuri. Ijumaa bango likatundikwa mkabala na kanisa.

Jumapili adhuhuri kengele zikapigwa. Haikuwa saa ya misa, na mpigaji alizivuta ovyo, kwa pupa. Mjini hapo hata mtoto anajua maana yake: tokeni, tumemshika. Otilia akazima jiko, akamwambia binti yake ajifungie ndani. Mlangoni alipishana na jirani aliyebeba sepetu.

"Tumempata yule wa bangoni!" jirani alipiga kelele. "Mshenzi kavaa suti ya bendi, kaja kupiga tarumbeta ubatizoni kana kwamba hatuna macho!"

 Otilia akakimbia.

Walikuwa wamemfunga Nabor kwenye nguzo ya goli la mpira wa kikapu, uwanjani mbele ya kanisa. Tarumbeta yake waliitumia kumpiga nayo mdomoni mpaka ikabonyea, na meno yake mawili yalikuwa kifuani, yamenaswa kwenye shati jeupe. Jicho moja lilikuwa limezibwa na uvimbe. Kijana mmoja alirudi nyuma hatua kadhaa, akaja mbio, akampiga teke la mbavu, na mlio wa kuvunjika ukasikika hadi kwenye ngazi za kanisa. Wanawake walimpiga kwa viatu. Bango walikuwa wamelishusha wakalining'iniza juu ya kichwa chake. Ukiangalia juu, ukiangalia chini, ungeapa ni mtu mmoja.

"Si yeye!" Otilia alipasua watu kwa viwiko. "Mfungueni! Hayo macho nimeyaweka mimi!"

"Haya, mchapishaji naye kawa Mungu, anaumba macho!" mtu alidakia. Wakacheka.

"Labda ndiye bwana wake wa pembeni!"

Jiwe likampata sikioni. Akamtafuta Don Fermín. Alikuwa ameshika ncha ya kamba.

"Waambie, Don Fermín. Ulinipa picha isiyo na uso."

Don Fermín alitazama kamba. "Mimi nilileta picha. Aliyechapa ni wewe."

Chupa ya soda iliyojaa petroli ikapita mkono hadi mkono. Ilipoanza kumiminwa, Otilia alimkumbatia Nabor kwa nguvu zake zote, petroli ikamwingia machoni, ikalowesha nywele na gauni. Mwenye kiberiti cha gesi alikuwa Tereso, fundi baiskeli.

"Washa, Tereso!" Otilia alimfokea. "Picha ya harusi yako ninayo kwenye kompyuta. Ningefungua yako siku ile, leo ungefungwa hapa wewe, na huyu angekupigia tarumbeta ya mazishi! Nyie wote ninazo nyuso zenu! Toeni simu. Ile picha ya kamera iko kwenye kundi la mtaa. Ivuteni kwa vidole. Mkiona jicho, hata moja, tuchomeni wote wawili."

Mwanamke mmoja akavaa miwani, akavuta kwa vidole, akavuta tena.

"Mbona hapa hakuna kitu?" aliuliza. Akamwonyesha mwenzake. Simu zikaanza kutoka mifukoni. Yule kijana bado alirusha teke moja, lakini safari hii hakuna aliyemshangilia. Tereso aliangalia bango, akakitia kiberiti mfukoni.

Hakuna aliyeomba radhi. Waliondoka mmoja mmoja kama watu waliokumbuka wameacha chungu motoni, masepetu wakiyaburuta. Kengele zikanyamaza. Don Fermín alihangaika na fundo mpaka mtu akampa kisu, kisha naye akaenda zake.

Otilia akakaa chini kwenye saruji, kichwa cha Nabor mapajani mwake, akisubiri gari la wagonjwa.

"Nilikukosea nini?" Nabor aliuliza. Maneno yalitoka na damu.

"Hukunikosea."

"Basi kwa nini mimi?"

 Otilia aliona aibu kumdanganya.

"Picha yako ndiyo ilikuwa safi," alisema.