Mikono Iliyokataa Kushuka

Fundi cherehani alikuwa akikunja pindo la sare ya muuguzi wakati kaka yake alipoingia dukani. Kaka aliinama sana na kupita mlangoni kwa ubavu, kwa maana mkono wake wa kulia ulikuwa umesimama wima juu ya kichwa, vidole vimenyooka, vile vile alivyouinua bungeni siku Spika alipouliza ni nani wanaoafiki vita. Walioafiki walikuwa wengi. Spika aliwashukuru na kugonga meza, nao wakagundua kwamba mikono haishuki. Walisubiri kidogo, kisha wakaenda kula chakula cha mchana.

Mji ulizoea upesi. Milango ya ofisi za umma iliongezwa kimo, na vinyozi wakajifunza kunyoa wakizungukia upande wa pili. Msemaji wa serikali alieleza kwamba waheshimiwa walikuwa wakiwapungia wananchi. Wananchi, ambao walikuwa wamekwisha kusikia maelezo mengi, waliendelea kupanda mabasi.

Vita vyenyewe vilikuwa vimemalizika. Silaha zilizosemekana kufichwa ng'ambo ya mpaka, ambazo ndizo zilizokuwa sababu ya vita, hazikuonekana, ingawa zilitafutwa kwa bidii. Mwana pekee wa fundi alikwenda kuzitafuta. Vilivyorudi ni viatu vyake, vimepigwa rangi vikang'aa, na havikuwa vya kipimo chake.

"Hodi, ingawa nimeshaingia," kaka alisema. "Dada yangu, nishonee koti. Jeusi. Mimi ndiye nitakayehutubia siku ya kumbukumbu."

"Karibu, Mheshimiwa."

"Mheshimiwa tena? Si tumenyonya ziwa moja sisi?"

"Ndiyo maana nimekukaribisha."

Fundi alivua utepe wa kupimia shingoni. Alipima kifua, akapima mgongo, na alipofika begani akasita. Kazi yake ilikuwa na kanuni ambayo hakuwahi kuivunja kwa mteja yeyote. Bega alilozaliwa nalo mtu hukatiwa kitambaa kama lilivyo, lakini bega lililoteguka huachiwa akiba ndani ya mshono, kwa sababu ipo siku litarudi mahali pake. Kwa hiyo mwenye bega hulazimika kueleza.

"Kaka, mkono huu utashuka au hautashuka?"

"Daktari anasema ni mishipa."

"Mishipa ya chama kizima?"

"Basi ni kiyoyozi cha ukumbini. Kile kiyoyozi hakifai kabisa."

"Kobe naye si alikaa chini ya kiyoyozi hicho hicho?"

Kobe lilikuwa jina la utani la mbunge mzee aliyetembea polepole. Majuma machache nyuma alikwenda redioni akasema kwamba yeye, kwa mdomo wake na kwa akili yake timamu, aliafiki vita, kwamba hakuwa na hakika na alichoambiwa, na kwamba vijana waliokufa walitumwa na yeye. Kabla hajamaliza sentensi mkono wake ulishuka, na aliutumia kunywea maji. Chama kilimfukuza jioni ile ile. Wenzake, ambao walisikiliza matangazo hayo kwa makini, waliagiza makoti yenye mkono mmoja wa kuelekea juu.

"Sema kama Kobe," fundi alisema. "Wala usiende redioni. Sema hapa, mbele yangu: mimi ndiye niliyemtuma mwanao. Nitakushonea koti lenye mikono miwili inayofanana, na pasi nitakupigia mwenyewe."

"Tuliamua kwa pamoja, dada."

"Mimi sikumzaa kwa pamoja."

"Alikuwa mpwa wangu yule. Unadhani sikulia?"

"Ulilia, nilikuona. Ulijifuta kwa mkono wa kushoto."

Kaka alitazama nje, ambako dereva alikuwa akimsubiri. Alisema mambo ya dola ni mazito. Fundi aliukunja utepe, akaurudisha shingoni.

"Uzito wake uliubeba wewe au aliubeba mwanangu? Nenda kwa mwingine, kaka. Mimi nguo ya uongo siikati. Hupwaya."

Kaka hakukasirika. Makoti ya namna yake yaliuzwa tayari katika duka la mtaa wa pili, rangi zote.

Siku ya kumbukumbu mahema yalifungwa kwenye njia panda mbele ya jengo la baraza la mji, na akina mama waliofiwa wakaketishwa safu ya mbele. Kaka alisoma hotuba yake vizuri. Alisema kwamba vita vilitufika.

"Vilifikaje, kaka?" fundi aliuliza kutoka kitini, bila kupaza sauti. "Nani alivifungulia mlango?"

"Mjibu dada yako!" mtu alipiga kelele nyuma. "Acha kutupungia!"

Watu walicheka, kisha wakasubiri jibu. Kaka aliufungua mdomo, na kwa kitambo kifupi vidole vyake vilianza kulegea. Aliviona. Akaufumba mdomo, navyo vikanyooka tena.

"Wakati wa kulaumiana umepita," alisema. "Sasa tusimame sote, kwa heshima."

Watu wote walisimama, isipokuwa safu ya mbele.

"Akina mama, tunaomba tusimame," mshereheshaji alisema.

"Tutasimama akishajibu," alijibu muuza maziwa, aliyefiwa na wana wawili. "Sisi tumekaa. Yeye ndiye aliyechoka mkono."

Askari waliletwa kuwaondoa. Waliwashika mikono kwa adabu wakavuta, lakini hakuna mama aliyeinuka wala kiti kilichosogea. Ililetwa winchi ya bandarini, na mnyororo wake ukakatika. Mhandisi alikagua ardhi, akasema haina kasoro, akaondoka. Mahema yalifunguliwa, na lami mpya ikamwagwa kuwazunguka.

Bunge liliporudi kikaoni, Spika aliuliza ni nani wanaoafiki kufungwa kwa uchunguzi wa vita. Mikono ilikuwa juu tayari, akaihesabu, hoja ikapita. Baadaye ilipita hoja ya kununua mizinga mipya, kwa utaratibu ule ule. Kaka aliteuliwa kuwa waziri.

Akina mama wangali pale. Ramani mpya za mji huwaonyesha, na mabasi huwapita kwa kushoto. Mvua ikinyesha majirani huwaletea miavuli. Fundi alipelekewa cherehani yake, na wateja humfuata hapo hapo barabarani.

Kila asubuhi gari la waziri hupita likielekea kazini, mkono wake umetokeza kwenye tundu lililokatwa juu ya paa. Kwenye njia panda dereva hupunguza mwendo bila kuagizwa. Fundi huondoa mguu kwenye kikanyagio, sindano hutulia, na akina mama wote hugeuza nyuso zao kuelekea kioo cha dirisha la nyuma, alipoketi waziri, ambacho hadi sasa hakijashushwa.